Poti Moja ya Ruta, VLAN Nyingi Kwenye Swichi: Maswali Yanayoulizwa Sana na Wanaofunga Mtandao Mtwara na Lindi

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofunga mtandao kwenye lodge, ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maduka ya jumla Chikongola, shule na zahanati za huku kwetu kusini. Wengi wana hali moja: ruta yenye poti moja tu ya kwenda ndani, swichi ya poti 8 au 24, na bosi anayetaka wageni wasiione ofisi wala kamera. Dawa yake ni VLAN, yaani mtandao unaotengwa kwa setingi tu ndani ya swichi hiyo hiyo. Pale panaposumbua watu nimeeleza kwa urefu, pale pasipo na shida nimepita haraka. Mifano ni ya Cisco, MikroTik na TP-Link.

Hivi kweli poti moja ya ruta inaweza kubeba mitandao mitatu au minne?

Inabeba, tena vizuri tu. Waya mmoja kati ya ruta na swichi unapitisha trafiki ya mitandao yote, ila kila fremu (kifurushi cha data) inapewa namba ya VLAN yake ili upande wa pili ujue ni ya nani. Chukulia lori linatoka Tandahimba kuja ghala la Mtwara na magunia ya korosho ya AMCOS tofauti: lori ni moja, ila kila gunia lina alama ya chama chake, likishushwa hamna anayeuliza hili la nani. Hiyo alama kwenye mtandao ndo tagi, na utaratibu wake ni kiwango cha IEEE 802.1Q kilichotoka mwaka 1998. Tagi ina baiti 4, ndani yake biti 12 ndo zinabeba namba ya VLAN, ndo maana namba unazoweza kutumia zinaanzia 1 zinaishia 4094.

Ndani ya ruta ile poti moja unaigawa kuwa poti ndogo ndogo za kwenye setingi tu, kila moja na namba yake ya VLAN na IP yake, na IP hiyo ndo inakuwa getiwei (mlango wa kutokea) ya watu wa VLAN ile. Upande wa swichi ile poti inayoenda kwenye ruta inaitwa trunki, na zile poti wanazochomeka watu wa kawaida zinaitwa aksesi.

Mfano tutakaoutumia kuanzia hapa ni lodge ya pale Shangani, Mtwara mjini. VLAN 10 ni mapokezi na ofisi (192.168.10.0/24), VLAN 20 ni wageni (192.168.20.0/24), VLAN 30 ni kamera (192.168.30.0/24). Ruta kwenye kila VLAN ina IP inayoishia na .1.

Kwani nikinunua ruta tatu, kila mtandao na ruta yake, kuna ubaya gani?

Intaneti utapata, usalama hutapata. Hili naomba lieleweke vizuri maana ndo mtindo uliozoeleka sana huku: mtu ana ruta ya ofisi, ananunua nyingine ndogo ya wageni, anachomeka ile ya wageni kwenye LAN (poti za ndani) ya ile ya ofisi alafu anaamini ametenganisha. Hajatenganisha. Mgeni akitoka kwenye ruta ndogo anaingia kwenye mtandao wa ofisi kwanza ndo aende intaneti, kwa hiyo akiandika IP ya kompyuta ya mapokezi au ya mashine ya kurekodia kamera anafika bila kizuizi. Aliyekingwa hapo ni mgeni, ofisi ndo iko wazi.

Juu ya hilo una NAT mbili zinazofuatana (NAT ni ruta kubadilisha IP za ndani kuwa ya nje), kuangalia kamera ukiwa mbali inakuwa kazi, na siku mtu akichomeka waya wa ruta ya wageni kwenye swichi ya ofisi kwa poti ya LAN, unakuwa na DHCP mbili (DHCP ndo inayogawa IP) kwenye mtandao mmoja, kompyuta nyingine zinapata IP sahihi nyingine za ajabu, na inabadilika kila mtu akizima na kuwasha. Swichi moja ya kuseti na ruta moja inayojua VLAN vinamaliza hayo yote, na mara nyingi kwa hela ndogo kuliko ruta tatu.

Kaka naomba nieleweshe, pakiti inapitaje hapo? Inatoka na kurudi kwenye waya ule ule?

Ndiyo, waya ule ule. Tuseme kompyuta ya meneja 192.168.10.25 inataka kufungua picha za kamera kwenye NVR (ile mashine ya kurekodia kamera) 192.168.30.5. Kompyuta inaangalia, inaona 30.5 sio ya mtandao wake, kwa hiyo inaipeleka fremu kwa getiwei yake 192.168.10.1. Fremu inaingia kwenye swichi ikiwa haina tagi yoyote, kompyuta ya kawaida haijui habari za tagi. Swichi inajua poti ile ni ya VLAN 10, kwa hiyo inapoitoa kwenye trunki inaibandika tagi ya 10.

Ruta inaipokea, inasoma 10, inaikabidhi kwa ile poti ndogo ya VLAN 10, tagi inavuliwa. Sasa ruta inasoma IP ya mwisho wa safari, inakuta 192.168.30.0 ni mtandao ulioko kwake moja kwa moja kupitia poti ndogo ya VLAN 30. Kama hamna sheria inayokataza, inaandika MAC mpya (anwani ya kifaa), inapunguza TTL (hesabu ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita) kwa 1, inabandika tagi ya 30 na kuirudisha kwenye waya ule ule ilikotokea. Swichi inaipokea, inavua tagi, inaitoa kwenye poti ya NVR. IP ya mtumaji na ya mpokeaji hazijaguswa njia nzima.

Soma tena hapo niliposema "kama hamna sheria inayokataza". Tutarudi hapo, ndo roho ya kazi yote.

Nahitaji vifaa gani?

Swichi inayokubali 802.1Q na ruta inayokubali 802.1Q, basi. Swichi zile za bei rahisi ambazo hazina ukurasa wa kuseti hazifai kuwa swichi kuu, maana zenyewe hazitenganishi chochote. Zinafaa mwishoni tu, mfano mapokezi kuna kompyuta tatu na poti moja ukutani, unaweka swichi ndogo ya kawaida pale, wote watakuwa VLAN ya ile poti. Kwa kazi ndogo TP-Link TL-SG108E ya poti 8 inatosha, inakubali mpaka VLAN 32 kwa wakati mmoja na sijaona lodge inayohitaji hata nusu yake.

Ruta zinazotolewa na kampuni za intaneti nyingi hazikuruhusu kuweka VLAN upande wa LAN. Usihangaike nayo, iache ilete intaneti tu, weka MikroTik nyuma yake ndo ifanye kazi ya VLAN.

Kwenye Cisco naandika nini?

Upande wa swichi, tukisema ruta iko poti ya 24 na mapokezi wako poti ya 3:

```
vlan 10
vlan 20
vlan 30
interface GigabitEthernet0/3
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
interface GigabitEthernet0/24
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30
```

Upande wa ruta:

```
interface GigabitEthernet0/0
 no shutdown
interface GigabitEthernet0/0.10
 encapsulation dot1Q 10
 ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
interface GigabitEthernet0/0.20
 encapsulation dot1Q 20
 ip address 192.168.20.1 255.255.255.0
interface GigabitEthernet0/0.30
 encapsulation dot1Q 30
 ip address 192.168.30.1 255.255.255.0
```

Mambo manne yanakwamisha watu hapa. La kwanza, poti mama haipewi IP lakini lazima uiwashe kwa `no shutdown`, ikiwa imezimwa na watoto wote wamezimwa. La pili, ule mstari wa `encapsulation` uandike kabla ya IP, ukianza na IP ruta inakataa. Namba ya poti ndogo (ile .10) sio lazima ifanane na namba ya VLAN, ila fananisha tu, atakayekuja baada yako atakushukuru.

La tatu ndo linakula muda wa watu wengi. Catalyst 2960 na ndugu zake poti zinakuja zikiwa kwenye `dynamic auto`, yaani inasubiri upande wa pili uombe kuwa trunki. Ruta haiombi, haizungumzi hiyo lugha kabisa. Kwa hiyo swichi inakaa inasubiri, poti inabaki aksesi ya VLAN 1, taa inawaka kijani, kila kitu kinaonekana kizima na hamna pakiti inayopita. Andika `switchport mode trunk` kwa mkono alafu hakikisha na `show interfaces trunk`. Poti yako isipoonekana kwenye orodha ile, usiende kutafuta tatizo sehemu nyingine, tatizo ni hapo hapo.

La nne, kuruhusu VLAN kwenye trunki sio kuitengeneza. Kama hujaandika `vlan 30` ile 30 haipo hata kama iko kwenye orodha ya walioruhusiwa.

Na kwenye MikroTik?

```
/interface vlan add name=vlan10-ofisi vlan-id=10 interface=ether2
/interface vlan add name=vlan20-wageni vlan-id=20 interface=ether2
/interface vlan add name=vlan30-kamera vlan-id=30 interface=ether2
/ip address add address=192.168.10.1/24 interface=vlan10-ofisi
/ip address add address=192.168.20.1/24 interface=vlan20-wageni
/ip address add address=192.168.30.1/24 interface=vlan30-kamera
```

Alafu `/ip dhcp-server setup` mara moja kwa kila VLAN. Lakini kabla ya yote angalia kama ether2 iko ndani ya bridge. Zile ruta ndogo za MikroTik zikitoka kwenye boksi na setingi za kiwandani, ether1 ni ya intaneti na zilizobaki zimefungwa pamoja kwenye bridge. Ukiweka VLAN juu ya poti ambayo iko ndani ya bridge haitafanya kazi inavyotakiwa. Ama uitoe ether2 kwenye bridge, ama VLAN uziweke juu ya bridge yenyewe. Kwa waya mmoja tu kwenda kwenye swichi, mimi naitoa kwenye bridge, ni rahisi kuelewa na rahisi kumuelekeza mtu kwa simu.

Wageni wanapata IP kabisa, ping ya 8.8.8.8 inajibu, ila hamna tovuti inayofunguka. Kwa nini?

Hii kwenye MikroTik ni karibu kila siku. Faiwoli ya kiwandani ina sheria inayotupa kila kinachokuja kwa ruta yenyewe kama hakijatoka kwenye orodha inayoitwa LAN. VLAN yako mpya haimo kwenye orodha hiyo. DHCP inapita hata hivyo, trafiki ya kwenda intaneti inapita, lakini simu ya mgeni ikiiuliza ruta jina la tovuti linatafsirika vipi, swali linatupwa, kwa hiyo simu ina IP na haina DNS.

Wengi wanatibu kwa kuiingiza VLAN ya wageni kwenye orodha ya LAN. Inapona, ila sasa umempa mgeni ruhusa ya kugonga ukurasa wa kuingilia ruta yako. Fungua kile anachohitaji tu:

```
/ip firewall filter add chain=input in-interface=vlan20-wageni protocol=udp dst-port=53 action=accept
/ip firewall filter add chain=input in-interface=vlan20-wageni protocol=tcp dst-port=53 action=accept
```

Sheria hizi zipandishe juu ya ile inayotupa, MikroTik inasoma kutoka juu kwenda chini na ikipata inayolingana inaishia hapo.

TP-Link haina amri, ina vibox tu vya Tagged, Untagged na PVID. Naweka nini wapi?

Poti ya kwenda kwenye ruta: Tagged kwenye VLAN 10, 20 na 30 zote. Poti ya mtu wa kawaida: Untagged kwenye VLAN yake, na PVID namba ile ile. Kosa ni kusahau PVID. Untagged inaamua fremu inayotoka kwenda kwa kompyuta, PVID inaamua fremu inayoingia kutoka kwa kompyuta itahesabiwa ya VLAN ipi. Ukiacha PVID kwenye 1, kompyuta ya wageni inapiga kelele ya kuomba IP ndani ya VLAN 1 wakati majibu unayategemea VLAN 20. Inakaa inazunguka alafu inajipa 169.254 kitu kitu. Ukiona 169.254 kwenye TP-Link, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa PVID.

Nimeseti VLAN zote, IP zinatoka vizuri, lakini mgeni bado anaweza kufungua kompyuta ya mapokezi. VLAN imeshindwa?

VLAN haijashindwa. Kwenye swichi umewatenganisha, kwenye ruta umewaunganisha tena. Ruta kazi yake ni kupeleka pakiti kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na mitandao yote mitatu iko kwake, kwa hiyo inaipitisha bila kumuuliza mtu. Ukimaliza kuseti poti ndogo na kuondoka, umeiacha lodge na namba tofauti za IP na ulinzi sifuri, na mwenye lodge amelipa hela akiamini yuko salama.

Hapa naomba mafundi wenzangu tusiwe na haraka. Lodge ina daftari la wageni kwenye kompyuta, majina, namba za simu, namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwenye lodge huyu sawa na inavyozihusu benki. Msimu wa korosho unapoanza kuanzia Oktoba vyumba vinajaa wanunuzi na madereva, simu mpya kila siku kwenye Wi-Fi, na hujui nini kiko ndani ya simu ya nani.

Kwenye MikroTik sheria moja inamaliza habari ya wageni:

```
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=vlan20-wageni out-interface-list=!WAN action=drop
```

Yaani kinachotoka kwa wageni na hakiendi nje kwenye intaneti, tupa. Siku ukiongeza VLAN 40 hii sheria inaikinga tayari. Kwenye Cisco:

```
ip access-list extended WAGENI
 permit udp any any eq bootps
 permit udp any host 192.168.20.1 eq domain
 deny ip any 192.168.0.0 0.0.255.255
 permit ip any any
interface GigabitEthernet0/0.20
 ip access-group WAGENI in
```

Mstari wa kwanza ni DHCP, wa pili ni DNS kama ruta ndo inajibu DNS. Ukisahau mstari wa mwisho wageni hawatatoka kabisa, maana Cisco mwisho wa kila orodha inakataa kimya kimya.

Kamera nazo zifikirie. Kamera haina sababu ya kuanzisha safari kwenda ofisi, wala kwenda intaneti. Ruhusu kompyuta ya meneja iende kwenye NVR, ruhusu NVR itoke nje kama bosi anaangalia kwenye simu akiwa Dar, zilizobaki zizuie.

Wageni kwa wageni je? Nao ruta inawazuia?

Haiwezi, hao wako VLAN moja, trafiki yao inaishia kwenye swichi au kwenye AP (kifaa cha kurusha Wi-Fi) bila kufika kwa ruta. Washa setingi ya kuwatenga watumiaji kwenye AP yenyewe.

AP yangu ni moja na nataka Wi-Fi ya ofisi na ya wageni. Nanunua ya pili?

Hapana. AP nyingi za biashara zinaruhusu majina kadhaa ya Wi-Fi, na kila jina unalipatia namba yake ya VLAN. Poti ya swichi inayoenda kwenye AP nayo iwe trunki: 10 na 20 zikiwa na tagi. Watu wanaiacha hiyo poti aksesi alafu wanashangaa jina la pili halitoi IP.

Waya mmoja si utakuwa mdogo? Spidi itashuka?

Inategemea nini kinavuka ruta. Poti ya gigabiti ni 1000 Mbps kwenda na 1000 kurudi, na intaneti ya lodge ya kawaida ni Mbps kadhaa, haiwezi kuisumbua. Kinachosumbua ni trafiki ya VLAN kwa VLAN, maana inapanda kwa ruta na kushuka tena kwenye waya huo huo, na processa ya ruta inaishughulikia kila pakiti.

Kosa kubwa la mpangilio ni kuiweka NVR kwenye VLAN ya ofisi "ili meneja aione kirahisi". Kamera 16 zikirusha Mbps 4 kila moja ni Mbps 64 zinazopita kwenye ruta usiku na mchana bila kupumzika. Kama ruta yako ni hEX lite, ambayo poti zake ni za 100 Mbps, umeshamaliza zaidi ya nusu ya waya kabla mtu yeyote hajafungua chochote. Iweke NVR kwenye VLAN 30 pamoja na kamera, trafiki yote ile inaishia kwenye swichi, kwa ruta inapita ile tu meneja anayoangalia. Kama unanunua ruta mpya chukua ya gigabiti kama hEX ya RB750Gr3.

Ofisi ikiwa kubwa, watu wanavuta mafaili makubwa kutoka seva ya VLAN nyingine siku nzima, hapo tafuta swichi ya leya 3 ifanye kazi ya kuvusha VLAN yenyewe, na ruta ibaki na intaneti.

Hii VLAN ya native ni nini na niiguse?

Ni VLAN ambayo fremu zake zinapita kwenye trunki bila tagi. Kwenye Cisco kama hujabadilisha ni VLAN 1. Pande zote mbili lazima zikubaliane, swichi ikisema 99 na ruta ikisema 1, trafiki ya mtandao mmoja inamwagikia mwingine. Ushauri wangu, VLAN 1 usiweke watu, na native ipe namba ambayo hamna mtu anaitumia. Kuna mbinu ya kubandika tagi mbili ili kuruka kwenda VLAN nyingine, na inafanya kazi pale mshambuliaji anapokuwa kwenye VLAN ya native. Asipokuwemo mtu humo, mlango huo hamna.

Printa iko ofisi, laptopi ya mhasibu iko VLAN nyingine, haiioni printa. Faiwoli nimefungua.

Laptopi inatafuta printa kwa kutangaza kwenye mtandao wake, na tangazo haliwezi kuvuka ruta. Ongeza printa kwa kuandika IP yake, na hiyo IP iwe ya kudumu.

Ping kwenda getiwei zote inajibu, kwenda kompyuta ya VLAN nyingine haijibu. Trunki mbovu?

Sio lazima. Kama 192.168.10.1 na 192.168.30.1 zote zinajibu ukiwa VLAN 10, tagi ya 10 inafanya kazi, ila ya 30 bado hujaipima, maana 30.1 ni ruta yenyewe inayojibu. Jaribu kupiga ping kwa kitu cha VLAN ile ambacho sio Windows, mfano printa au kamera. Faiwoli ya Windows, hata ikikubali ping, kwa kawaida inakubali za mtandao wake tu na kukaa kimya kwa anayetoka mtandao mwingine. Mafundi wamefumua trunki nzima kwa sababu ya hii.

Ilikuwa inafanya kazi vizuri, leo VLAN zote zimekufa kwa pamoja. Naanzia wapi?

Zikifa zote pamoja angalia kile zinachoshirikiana: ule waya na zile poti mbili. Huku pwani, kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini, hewa ya bahari inakula vichwa vya RJ45. Chomoa, elekeza kwenye mwanga, tazama vile vipini vinane vya dhahabu: ukiona kimoja kimeingia kijani au cheusi, kata kichwa bana kipya, usipanguse na kurudisha. Waya wa trunki nunua wa shaba tupu, sio ule wa alumini uliopakwa shaba, na usizidi mita 100. Angalia pia spidi, waya ukipoteza jozi moja poti inaweza kushuka kutoka 1000 hadi 100 bila kukata na watu watasema tu mtandao mzito.

Ikiwa ni baada ya umeme kukatika, swali la kwanza ni je ulisevu? Cisco bila `copy running-config startup-config` inarudi kama ilivyokuwa kabla hujaigusa. TP-Link ndogo ina kitufe chake cha Save Config, kubonyeza Apply peke yake hakutoshi. MikroTik inasevu yenyewe. Na ruta na swichi viwe kwenye UPS moja, ukiweka ruta peke yake hujasaidia kitu.

Nataka kuongeza VLAN 40 kwenye tawi la Masasi nikiwa Mtwara. Kuna hatari?

Ipo moja kubwa. Kwenye Cisco ukiandika `switchport trunk allowed vlan 40` hujaongeza, umefuta 10, 20 na 30 na kubakisha 40 peke yake, na wewe mwenyewe unakatika sekunde hiyo hiyo kama uliingia kupitia mojawapo. Andika hivi:

```
switchport trunk allowed vlan add 40
```

Na kutoka Mtwara mjini mpaka Masasi sio mwendo wa kwenda kurudisha mstari mmoja. Kabla hujagusa trunki sevu setingi zilizopo, alafu andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na kurudi kwenye zile ulizosevu. Kazi ikienda vizuri andika `reload cancel` ndo usevu upya. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl+X kuingia Safe Mode kabla ya kuanza, ukikatika katikati inafuta yenyewe ulichobadilisha.